Alhamisi ya Kikao

Mkono wa mkokoteni wa kabichi ulimpiga Watiri penye panja la kushoto sokoni Karatina. Alianguka, akainuka, akajipangusa vumbi, akaendelea kuuza viazi. Siku ya tisa jicho la upande ule likawa jekundu, likaanza kutokeza nje. Kichwani mkaingia mvumo, shu, shu, ukifuata mapigo ya moyo hata wakati wa sala. Matone ya duka la dawa hayakufua dafu.

Naye alikuwa katibu wa chama cha akina mama kanisani. Kwa miaka kumi na sita alikuwa amepiga vita pombe bila kumwonea mtu haya, na mwaka uliopita ndiye aliyeamuru Wachuka avuliwe kitambaa cha chama kwa sababu ya macho mekundu. Sasa minong'ono ilimgeukia yeye.

Kwenye zahanati, tabibu Kioko pekee ndiye aliyeweka kipimo chake cha kusikilizia moyo juu ya kope lililofumbwa, akasikiliza.

"Naisikia, mama. Inavuma kama mto Sagana."

Watiri nusura alie. Kumbe hakuwa na wazimu.

"Mshipa umepasuka huko nyuma ya jicho, damu inaingia mahali haifai. Chukua hii barua. Alhamisi uwe Nyeri, hospitali kubwa. Usingoje."

Lakini Alhamisi ndiyo siku aliyoitwa mbele ya kikao cha chama.

"Nenda hospitali," mumewe Kihara alimsihi.

"Nikikosa watasema nimetoroka. Jicho litangoja."

Kikaoni, mwenyekiti Wakonyo alimgeukia Watiri, mama yake Lynn.

"Mama Lynn, tuambie tu. Ni pombe ya muratina, ama ni ile kali ya chupa?"

Viti vya nyuma vikacheka.

"Niko na barua ya daktari."

"Barua! Si hata Wachuka alileta barua? Ni nani alisema hapa barua zinanunuliwa?"

Aliyesema hivyo ni yeye Watiri. Akafungua kitambaa kwa mikono yake mwenyewe, akakiweka mezani.

Aibu ilimfungia nyumbani wiki tano, na barua ya Kioko ikakaa ndani ya Biblia. Kwanza aliona kila kitu mara mbili, kisha ukungu, kisha giza. Hapo ndipo Kihara alipompeleka Nyeri kwa nguvu, na Nyeri wakampeleka Nairobi. Huko waliingiza waya mwembamba kwenye mshipa wa kinena, ukapanda hadi kichwani, wakaziba tundu. Alipozinduka, mvumo ulikuwa umekoma. Baada ya wiki chache jicho lilirudi mahali pake, likawa jeupe. Kuona hakukurudi.

"Ungekuja mapema, pengine," daktari alisema, wala hakumaliza.

Wakonyo alimtembelea, amebeba kitambaa kilichopigwa pasi.

"Mama Lynn, kamati imeona jicho sasa ni safi. Rudi kwetu."

"Na cha Wachuka?"

"Hiyo hatukujadili. Huyo alihama kanisa."

"Nilimhamisha mimi," Watiri alisema.

Wakonyo akamwekea kitambaa mapajani. Watiri hakukivaa. Alikikunja, akavaa viatu, akamwuliza mwenyekiti kama ajua njia ya kwa Wachuka.

"Sasa hivi? Na mvua hii?"

"Utanishika mkono wa kushoto. Huko sioni."