Bahari ya Kanyangi

Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu Mwangangi, mzee wa kanisa, amwondoe Wayua kwenye ualimu wa shule ya Jumapili. Kosa lake lilikuwa kuwaambia watoto kwamba mabara yote yaliwahi kuwa nchi moja, ikapasuka, na kwamba kabla ya binadamu karibu kila chenye uhai kilikufa, tena si mara moja.

Sasa mwethya, kikundi cha kijiji cha kusaidiana kazi, ulikusanyika mtoni Kanyangi kujenga bwawa la mchanga, ukuta wa kuzuia mchanga ili uhifadhi maji ya mvua, na mwenyekiti wa kikundi alikuwa Mwangangi huyo huyo.

"Msingi ni hapa," alisema, akigonga mwamba mweupe kwa fimbo.

Wayua alikuwa amejisomea habari za mawe kwa vitabu vya mitumba. Tena alikuwa akitembea kilomita saba kumchotea mama yake maji. Aliukwaruza mwamba kwa kisu, akaukamulia limau ule unga. Ukatoa povu.

"Mzee, jiwe hili lilikuwa matope ya bahari. Mabara yaligongana, yakalibana, likaiva. Maji hulila polepole, kwa hivyo chini kuna nyufa. Tukipanda mto hatua mia mbili, kuna jiwe jeusi. Hilo halivuji."

"Bahari? Kanyangi?" Kalekye, jirani ya Wayua, alicheka mpaka akashika kiuno. "Mwalimu, na samaki walienda wapi? Walipanda basi?"

"Walikufa."

"Kwako kila kitu hufa!" Mwangangi alifoka. "Hata soda hutoa povu. Wanaotaka hapa, mikono juu!"

Mikono ikainuka. Wayua akabeba mawe pamoja nao miezi miwili bila kunung'unika. Huenda ni yeye aliyekosea, aliwaza.

Mvua za Novemba zikalijaza bwawa mchanga. Krismasi ilipofika, watu walichimba hadi kiwikoni, kisha hadi begani. Mkavu. Maji yalipatikana huko juu ya mto tu, kwenye shimo dogo kando ya jiwe jeusi.

Jumapili, Mwangangi alisimama kanisani. "Kuna mdomo ulioliapiza bwawa letu," alisema. Hakutaja jina. Vichwa viligeuka vyenyewe.

Kesho yake Wayua alipanga foleni na mtungi wake. Zamu yake ilipofika, Kalekye aliziba shimo kwa mguu.

"Mama hajanywa tangu jana, Kalekye."

"Si una bahari? Nenda ukamchotee huko."

Walio nyuma wakampita mmoja mmoja, wakainama kuchota, magoti yao juu ya jiwe jeusi.