Muziki wa Nyumba ya Kupumzikia

Kandambili iligonga ukuta tena, na safari hii ilifuatwa na sauti.

"Wifi! Hicho kitu chako kinaisha lini?"

Mtunzi alikuwa ameketi kitandani akikunja nguo zilizokwisha kukunjwa, huku spika juu ya meza zikirudia kipande kile kile cha muziki zilichokuwa zikirudia tangu asubuhi. Angejibu nini? Kwamba hakiishi? Kwamba ndiyo kazi yenyewe, kutunga kitu kisichoisha?

"Vaa vile vya masikioni kama wenzako, bwana! Mimi nasahihisha mitihani ya watu hapa, sitaki kumpa mtoto sifuri kwa hasira unazonitia!"

Alishaeleza, tena kwa upole. Muziki wa gemu si kama wa filamu. Kwenye filamu mtu anakaa gizani, anatazama mara moja, imekwisha. Kwenye gemu mchezaji anaweza kukwama chumba kimoja jioni nzima, na muziki unazunguka naye, ukifika mwisho unaanza upya, na pale mwisho unapokutana na mwanzo asihisi kitu. Ukivaa vya masikioni unasikia kila kitu, hata kisichohitaji kusikiwa. Ilibidi muziki uachwe wazi chumbani na mtunzi ajishughulishe na mengine, akunje nguo, apange viatu, kisha ajikamate: je, nimeshtuka pale mwisho? Kila mara alishtuka.

Mwalimu, mke wa kaka yake, alisikiliza maelezo hayo akiwa na kalamu nyekundu sikioni, kisha akasema, "Kwa hiyo kazi yako ni kukunja nguo. Basi njoo ukunje na zangu."

Damu zao hazikuwahi kuendana. Mtunzi alikuwa na jina lake zamani kidogo, kwenye tamthilia ya televisheni iliyoliza mitaa mizima. Yeye ndiye aliyeiandikia muziki wa machozi, muziki wa mlango kufunguka polepole, na ule wa mama mkwe akiingia, ambao kaka yake bado aliupiga kwa mdomo kila mkewe alipotokea jikoni. Tamthilia ikafungwa. Ikaja filamu moja, mwongozaji wake akautoa muziki wote dakika ya mwisho, akaacha sauti ya upepo tu. Mtunzi akarudi kwa kaka na mabegi yake na kibodi, na Mwalimu akampokea mlangoni kwa maneno ambayo hayakuwahi kumtoka Mtunzi moyoni: "Wenzio wanarudi nyumbani na watoto. Wewe umerudi na kinanda."

Sasa kulikuwa na gemu hii. Msafiri anapigana huko nje, akichoka anarudi kwenye nyumba moja ya kupumzikia, anatengeneza silaha zake, analala, anatoka tena. Mtunzi alipewa muziki wa nyumba hiyo tu, kwa majaribio. Msimamizi wa sauti, mtu ambaye hajawahi kumwona sura, alimtumia ujumbe kwenye simu kwa sauti ya mtu anayetafuna kitu.

"Nimesikiliza tena. Pale mwisho mtu anajikwaa, dada. Akijikwaa anazima sauti, akizima sauti mimi nakuhitaji wa nini? Ukiweza, gemu nzima ni yako. Ukishindwa, tafadhali usinipigie kuniambia umejitahidi."

Gemu nzima. Kazi ya kutosha kuondoka katika nyumba hii, kukodi chumba ambacho ukuta wake haugongwi kwa kandambili. Mtunzi alijaribu mwisho wa taratibu, mwisho wa ghafla, akajaribu kuficha kiungo chini ya sauti ya mvua. Wapi. Kila ulipofika pale, muziki ulisimama mlangoni kama mgeni asiyejua kama aingie.

Siku moja alikata tamaa akazima spika. Nyumba ikatulia. Kwenye korido Mwalimu alikuwa akipiga pasi mashati ya mumewe kwa hasira zake za kawaida, pasi ikitua puh, puh, juu ya meza. Na katikati ya hizo puh, Mtunzi alisikia muziki wake.

Mwalimu alikuwa akiuimba kwa pua.

Mtunzi aliganda. Wifi yake aliupitia wote bila kukosea, muziki anaouchukia, akafika pale mwisho, pale pale. Hakusimama. Alishuka kidogo, noti tatu tu, akageuka, akaingia tena mwanzoni kama mtu anayetoka chumba hadi chumba katika nyumba yake mwenyewe, bila kuwasha taa. Akazunguka tena. Akazunguka tena.

Mtunzi alichukua simu, akapiga magoti, akaisogeza kwenye upenyo chini ya mlango, akarekodi.

Kisha aliziweka noti zile kwenye kibodi, akaacha muziki ucheze, akaanza kupanga viatu. Alipokumbuka kusikiliza, muziki ulikuwa umeshazunguka sijui mara ngapi, naye hakushtuka.

Jibu la msimamizi lilikuja kabla hajamaliza kunywa chai. "Sasa unaongea! Yote ni yako? Sitaki mtu aje kunigongea mlango baadaye."

"Yote," aliandika Mtunzi.

"Basi na gemu yote ni yako. Jumatatu tuanze."

Siku hizo alitembea nyumbani akitabasamu peke yake, na Mwalimu akimtazama kwa jicho la pembeni. "Umeokota nini?"

"Kazi, wifi. Mwezi ujao nahama."

"Mungu ni mwema," alisema Mwalimu, na kwa mara ya kwanza walikubaliana jambo.

Jumamosi msimamizi alituma gemu ya majaribio, na kaka, mtu mzima na ndevu zake, alikuwa wa kwanza kukamata vidude vya kuchezea. Alikaa sakafuni mbele ya televisheni kama mtoto. "Mdogo wangu, njoo uone gemu yako inavyoniua!" Alipigana, akapigwa, akarudi mbio kwenye nyumba ya kupumzikia. Muziki ukaanza.

Mwalimu alipita na beseni la nguo mbichi. "Kelele zile tena. Zimehamia na kwenye televisheni."

"Kelele zinazolisha watu," kaka alijibu, macho kwenye kioo.

Mwalimu alishafika mlango wa uani muziki ulipozunguka. Alisimama. Ukazunguka tena. Aliliweka beseni chini taratibu, maji yakachuruzika sakafuni, naye hakuyaangalia.

"Hapo," alisema. "Hapo umepatoa wapi?"

"Wapi?" Mtunzi aliuliza, ingawa alishajua.

"Usinifanye mjinga. Hapo mwisho. Hicho ni cha mama yangu."

Kaka alishusha vidude. Msafiri wake alisimama ndani ya nyumba, akipumua, muziki ukiendelea. Kaka alijua habari za huyo mama. Mama huyo alikufa Mwalimu akiwa darasa la tatu, na hakuacha hata picha. Hakuwahi kumsikia mkewe akisema lolote zaidi ya hapo.

"Alikuwa akinisuka," Mwalimu alisema, na sauti yake ilikuwa ya ukali ule ule wa kukemea darasa. "Akimaliza msuko mmoja, kabla ya kushika mwingine, anaimba hivyo. Hakuna mtu aliyewahi kukisikia nje ya chumba kile. Nimekuuliza, umekitoa wapi?"

"Kwako," alisema Mtunzi. "Ulikuwa unapiga pasi. Uliimba."

"Mimi sikuimba."

"Uliimba, wifi. Nilikurekodi chini ya mlango."

Uso wa Mwalimu ulibadilika kwa namna ambayo Mtunzi angependa asingeiona. Haikuwa hasira ya kuibiwa peke yake. Kitu kilichokuwa kimefungiwa ndani yake miaka yote kilikuwa kimetoka chenyewe, yeye asijue, na aliyekuwapo kukisikia ni mtu huyu kati ya watu wote.

"Kwa hiyo unanichungulia. Unalala kwangu, unakula kwangu, halafu unalala chini kama paka unaninusa mlangoni!"

"Umenigongea ukuta mwezi mzima kwa kandambili! Leo ndiyo unaona una kitu ndani ya muziki wangu?"

"Siuoni wako! Wako ni takataka. Naona changu!"

"Mke wangu," kaka aliingilia, mikono juu, "si noti tatu tu?"

Mwalimu alimgeukia. "Ni tatu tu? Vizuri. Basi azitoe."

Kwenye televisheni muziki ulizunguka, ukapita pale mwisho laini kama maji, na Mtunzi akasikia wazi kile alichokuwa akikikwepa kwa siku kadhaa. Noti tatu ndizo zilizokuwa muziki. Zile zake zote zilikuwa njia ya kufikia hapo.

"Nikizitoa, kazi imekwenda," alisema.

"Najua."

"Na sitahama."

"Hilo ndilo linaloniuma," alisema Mwalimu. "Zitoe."

Mtunzi alitoa simu, akampigia msimamizi, akaiweka kwenye spika kwa sababu alijua asipofanya hivyo hataaminiwa. Alimweleza kwa kifupi. Pale mwisho si pake. Ni pa mtu mwingine, alipachukua bila kuomba.

"Mpe huyo mtu akubali basi," alisema msimamizi, akitafuna. "Tunaandika jina lake, mambo yanakwisha."

Mtunzi alimtazama wifi yake. Mwalimu alitikisa kichwa.

"Hakubali."

"Dada, nilikuuliza. Nilikuuliza kwa maneno mepesi kabisa. Leo umeniletea mwenye mali, kesho utaniletea mjomba wake. Futa kila ulichonitumia. Nina kijana mwingine hapa, hana kipaji lakini hana majirani." Simu ikakatika.

Kaka alizima televisheni. Alitafuta neno la mzaha, alikuwa mtu wa kutafuta neno la mzaha, hakulipata, akaenda kupangusa maji yaliyomwagika.

Mtunzi alirudi chumbani kwake, mlango akauacha wazi. Alifuta muziki kwenye kompyuta. Kisha akashika simu, akafungua ile rekodi ya chini ya mlango, ili ifutwe mwenyewe akisikia, pasibaki la kusemana. Puh, ilisema pasi. Puh. Na ile sauti ya puani.

"Subiri."

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, mikono bado imelowa.

"Hiyo ni mimi?"

"Ni wewe."

"Usiifute." Alifuta mikono kwenye kanga, akanyoosha mmoja. "Lete hapa. Na vile vya masikioni."

Mtunzi alimpa. Alitaka kusema kwamba anasikitika, neno lilishafika kinywani, lakini Mwalimu alimwahi.

"Usiniambie kitu, wifi. Sijakusamehe na sitaki kukuzoea. Na hicho kinanda kisilie leo."

Alikwenda kukaa kwenye meza ya chakula, mbele ya rundo la mitihani, mgongo ukielekea chumba cha Mtunzi. Ilimchukua muda kuelewa pa kubonyeza. Kisha mabega yake yalitulia, na kalamu nyekundu ikabaki hewani juu ya karatasi ya mtoto wa mtu. Rekodi ilikuwa fupi. Ilipoisha, alibonyeza tena.