Nani Aliyezimaliza Risasi

Mwaka 2006 bei ya risasi ilipanda mara tatu kabla majani hayajaanza kupukutika, na kila mteja aliyeingia dukani kwa Chandrakant alikuja na mtu wake wa kumlaumu. Wakulima wa Kent walisema serikali imezisomba risasi zote kuzipeleka Iraki na Afghanistani. Watu wa klabu za shabaha walisema ni Wachina, wanaonunua shaba ya dunia nzima. Wengine walikilaumu kiwanda kinachozitengeneza. Na walikuwepo waliomtazama Chandrakant bila ya kusema neno, wakalipa, wakaondoka.

Muhiddin aliwasikiliza wote huku akiandika. Alikuwa karani wa duka lile kwa miaka kumi na miwili, tangu kampuni ya meli aliyokuwa akiifanyia kazi ilipofungwa. Chandrakant alimwajiri kwa sababu mbili: mwandiko wake mzuri, na Kiswahili. Muhiddin alizaliwa Unguja, Chandrakant Mwanza, ambako babu yake alikuwa fundi bunduki. Wateja wakishatoka, walizungumza Kiswahili mpaka saa ya kufunga.

Duka lenyewe lilikuwa Thornton Heath, kusini mwa London, nyuma ya barabara kuu, baina ya ghala la mazulia na karakana ya vioo vya magari. Halikuwa na kibao. Mteja alibonyeza kengele kwenye mlango wa chuma, akaonyesha leseni yake, ndipo akafunguliwa. Kila boksi la risasi za bunduki kubwa lililouzwa liliandikwa pahala pawili: kwenye leseni ya mnunuzi na kwenye rejista ya duka. Rejista, yenye mali yote iliyoingia na iliyotoka, ilikuwa kazi ya Muhiddin, na kwa miaka yote hiyo polisi walipokuja kuikagua hawakupata cha kumwambia.

Hata hivyo mkewe, Mardhiya, hakuwahi kuipenda kazi hiyo. Jamaa walipomuuliza mumewe anafanya kazi wapi, alijibu kuwa yupo kwenye duka la vifaa vya michezo. Baada ya mabomu ya London ya Julai mwaka uliotangulia alimwomba waziwazi aache. Muhiddin alimjibu kwamba ana miaka hamsini na nne, na hakuna anayemngoja huko nje na kiti cha ukarani.

Siku moja ya Jumanne, mwezi wa Septemba, wakala wa kiwanda alipiga simu. Alisema shehena inayokuja itakuwa nusu ya kawaida, na huenda isifike kabla ya Krismasi. Chandrakant alimtaka Muhiddin asimwambie mtu.

Alasiri ile ile akaja mzee mmoja kutoka Surrey, daktari wa mifugo aliyestaafu, ambaye kazi yake sasa ilikuwa kuwawinda paa ili wasizidi katika msitu ulio karibu na kwake. Alikuwa mtu wa salamu. Kila akija alimuuliza Muhiddin hali ya binti yake Haifa na masomo yake, na akalikumbuka jibu la safari iliyopita. Mzee akatoa leseni, akaomba boksi moja kama ada yake, kisha akauliza kama hali itakuwa nzuri wiki zijazo.

Muhiddin angeweza kusema hajui. Lakini mzee yule alikuwa akiendesha gari saa nzima kuja, na Muhiddin aliona haya kumwacha arudi bure mwezi ujao. Akashusha sauti, akamwambia kama anazihitaji kabla ya Krismasi, asingoje. Mzee akachukua maboksi mawili, akafikiri kidogo, akaongeza la tatu. Akashukuru, akenda zake.

Siku ya pili walikuja wanne wa klabu ya shabaha ya mzee huyo. Ijumaa walikuja tisa. Jumamosi foleni ilifika kwenye mlango wa ghala la mazulia, na mwenye mazulia akatoka kuuliza kuna nini. Mtu aliyezoea kununua maboksi mawili alichukua kumi, kwa kuwa leseni yake ilimruhusu na kwa kuwa aliye mbele yake kachukua nane. Muhiddin aliandika mpaka vidole vikamkakamaa. Hakumwambia Chandrakant chochote. Kila kengele ikilia, aliinamia rejista, maana alikuwa akiyaona maneno yake mwenyewe yakiingia mlangoni na nyuso za watu wengine.

Baada ya siku tisa rafu ya risasi zinazotumika zaidi ikawa tupu, na Chandrakant akaanza kuwaambia watu hakuna.

Manung'uniko yakaanza hapo. Bwana mmoja mwenye koti jekundu alisimama mbele ya kaunta na kusema kwamba aliyaona kwa macho yake makatoni yakiteremshwa mwezi uliopita, na haiwezekani yote yamekwisha. Alisema Chandrakant anazificha bei ipande. Kisha akamgeukia Muhiddin, akamkazia macho, akasema au pengine kuna mtu anazipeleka kwengine. Hakungoja jibu.

Jumatatu iliyofuata polisi wa kitengo cha leseni walipiga simu. Chandrakant alizungumza nao, akaweka chini mkono wa simu.

"Wamepata malalamiko," alisema. "Kwamba tunasema hakuna, na mali inatoka kwa mlango wa nyuma. Wanakuja Alhamisi kuhesabu."

"Wamemtaja mtu?"

"Wamesema karani Mwarabu."

Muhiddin hakuwahi kujiita Mwarabu maishani mwake. Mama yake alikuwa Mngazija na baba yake mtu wa Makunduchi. Lakini hakuona faida ya kulieleza hilo. Alikwenda chooni, akanawa uso, akajitazama kwenye kioo, ndevu zake fupi na mvi zake, akajaribu kujiona kama anavyoonwa na mtu asiyemjua.

Nyumbani alimweleza Mardhiya walipokuwa mezani. Haifa, ambaye hujibu kwa Kiingereza hata akisemeshwa Kiswahili, alidakia kwamba mtu hawezi kukamatwa kwa kuandika kwenye daftari. Mama yake akamtaka amalize kula.

"Baba Haifa," Mardhiya alisema mtoto alipoondoka, "hesabu yako imetimia?"

"Inshallah imetimia."

"Mie sikukuuliza inshallah. Nakuuliza umehesabu?"

Hakuwa amehesabu. Tangu siku za foleni alikuwa akiogopa kuhesabu.

Jumatano hawakufungua duka. Walianza asubuhi, Chandrakant akitoa maboksi na Muhiddin akiweka alama kwenye rejista. Zilipomalizika rafu za nje, Chandrakant aliufungua mlango wa chumba kidogo cha ndani, ambacho ufunguo wake alikuwa nao yeye peke yake na ambamo kwa kawaida ziliwekwa bunduki za wateja zilizoletwa kutengenezwa. Nyuma ya bunduki, chini ya turubai, yalikuwepo maboksi sitini ya risasi zile zile walizokuwa wakiambiwa watu kuwa hakuna.

Muhiddin aliiweka kalamu chini. Yalimjia yote aliyoyasikia juu ya wenye maduka, hapa na kwao. Akamfikiria yule bwana wa koti jekundu, na jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa karibu kubeba mzigo wa mtu mwengine.

"Kwa hivyo ni kweli," alisema. "Unazificha bei ipande, na mimi ndiye natajwa kwa polisi."

Chandrakant hakukasirika. Alivuta kreti, akakaa juu yake. Akaanza kumsimulia habari ambayo kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kuigusa. Mwaka 1983, ulipopita msako wa walanguzi, baba yake alikutwa na makatoni kumi na moja ya sabuni nyuma ya duka lake Mwanza. Hakuwa ameyaweka ili ayauze kwa bei ya kuruka. Aliyaweka kwa ajili ya wanawake wa mtaani waliokuwa wakinunua kipande kimoja kimoja, maana yakiwekwa mbele, wenye uwezo huyachukua yote asubuhi moja. Aliwaeleza askari hivyo. Walicheka. Alikaa rumande miezi saba, na alipotoka hakuingia tena dukani. Mwaka uliofuata familia ikahama.

"Nami nimefanya vile vile," Chandrakant alisema. "Nilipoiona ile foleni, nikatoa sitini. Kuna wateja wangu wananunua boksi moja tu, wana kazi zao, mkulima ana ng'ombe aliyevunjika mguu, mzee wa paa. Nikasema hawa wasikose. Yote yamo kwenye rejista yako, sikufuta kitu. Lakini ni kweli nilisema hakuna, na zipo. Huo ni uongo wangu."

 Muhiddin alitamani sana ibaki hivyo hivyo, lawama iwe ya Chandrakant peke yake. Kisha akasema.

"Foleni niliileta mimi. Yule mzee wa paa nilimwambia asingoje."

Chandrakant aliinuka kwenye kreti. "Nilikuomba usimwambie mtu."

"Uliniomba."

Hawakuzungumza tena hilo, kwa kuwa kulikuwa na kazi ya kumaliza. Walipofika mwisho wa hesabu, palipungua boksi moja. Risasi ishirini.

Walihesabu tena. Walilivua turubai, wakasogeza rafu, wakaangalia ndani ya mapipa ya taka. Ishirini hazikuonekana.  Duka lenye bunduki mia, mji uliojaa khofu, na jina lake juu ya kila ukurasa. Alirudi kwenye siku za foleni, mstari kwa mstari, akaanza kuwapigia wateja simu, akiwaomba kwa upole wasome kwenye leseni zao ni maboksi mangapi yaliyoandikwa. Wengine walimsaidia. Wawili walimkatia. Ilipofika saa kumi na moja alikuwa amewamaliza wote, na kila aliyejibu hesabu yake ilikuwa sawa. Ndipo alipogundua kwamba alianzia Jumatano ya kwanza na kumruka mtu wa Jumanne. Rejista ilisema mzee wa paa kanunua mawili. Yeye alikuwa na picha ya mkono wa mzee ukilivuta la tatu. Akapiga. Simu ililia mpaka ikakatika. Akaacha ujumbe.

Alhamisi afisa alifika saa tatu kamili, mwanamke wa makamo aliyevaa miwani, pamoja na askari kijana. Alihesabu bila ya haraka. Aliuona mzigo wa chumba cha ndani, akaulinganisha na rejista, akasema kisheria mtu halazimishwi kuuza. Alipofika kwenye boksi lililopungua, akainua kichwa.

"Nani anaandika rejista?"

Chandrakant alifungua kinywa. Muhiddin akamtangulia. "Mimi. Kama kuna kosa, ni langu."

Afisa akamwomba wakae pembeni. Alimuuliza alizaliwa wapi, alikuja lini, ana pasi gani, anasali msikiti gani, mara ya mwisho alisafiri kwenda wapi na kumwona nani. Sauti yake ilikuwa ya adabu tangu mwanzo hadi mwisho. Askari kijana aliandika. Muhiddin alijibu kila swali, na kila jibu lilipoingia kwenye daftari la askari lilionekana kugeuka kitu chengine. Alieleza habari ya boksi la tatu. Afisa alisema wangojee.

Simu ikalia saa tano kasoro. Mzee alikuwa amelala msituni usiku uliopita, ndiyo kwanza amerudi. Afisa aliichukua simu mwenyewe, akamwambia aje na leseni yake. Wakamngoja. Chandrakant alichemsha chai ambayo hakuna aliyeinywa. Muhiddin alikaa na mikono juu ya magoti, akilisikiliza kila gari lililopita nje, akawaza kama mzee atabadili mawazo njiani, kama leseni itasema mawili, na Mardhiya ataambiwa na nani.

Leseni ilisema matatu, kwa mwandiko wa Muhiddin mwenyewe.

Mzee alisimama pale na viatu vyake vya matope, akauliza kuna tatizo gani. Alipoelezwa, alisema ni yeye aliyewapa klabu nzima habari, na kwamba hakudhani watu wazima watakimbilia risasi kama wanaokimbilia mkate. Afisa hakuliandika hilo. Aliandika onyo kwa duka, na akaagiza karani asiguse risasi wala rejista mpaka uchunguzi wake ukamilike.

Ulichukua miezi minne. Kwa muda huo Muhiddin alijibu barua za wateja na kufagia, na Chandrakant aliandika rejista kwa mwandiko wake mbovu. Risasi zilikuja mwezi wa Januari, chache, na bei haikushuka. Wateja waliendelea kumlaumu waliyemtaka. Yule bwana wa koti jekundu hakurudi, na hawakujua kama ndiye aliyelalamika au mwengine.

Barua ya polisi ilifika mwezi wa Februari, mistari miwili ya kusema uchunguzi umefungwa, haina kumradhi. Chandrakant akamrudishia kalamu. Muhiddin alisema ataichukua kwa sharti moja, kwamba wabandike tangazo ukutani, na wakabishana asubuhi nzima, kwa kuwa Chandrakant aliona tangazo litawafukuza watu. Mwisho alikubali.

Jumamosi ile walikuja wateja kumi na tano. Ukutani, juu ya kaunta, palibandikwa karatasi inayosema risasi zipo, zimebaki ngapi, na kwamba kila mtu atauziwa boksi moja. Wengi walinung'unika. Mmoja aliuliza nani kaweka amri hiyo.

"Mimi," Muhiddin alisema, akanyoosha mkono kupokea leseni yake.