Kondoo wa Mfalme wa Ufaransa

Laurence alimdharau Alphonse tangu alipovua viatu mlangoni na kuuliza kama mtaa wao mzima wa Tensta unanuka vitunguu. Sasa mzee huyo wa Bukavu, aliyekuja kumposea mpwa wake Shalom, alikuwa amekalia kiti cha marehemu mume wa Laurence, miguu kainyoosha, akifungua kitambaa chekundu polepole.

"Ninyi Warundi mnataka ng'ombe," alisema. "Ng'ombe wa pesa kwenye bahasha, kila mtu analeta. Mimi nimeleta dhahabu ya wafalme wa Ufaransa. Voilà!"

Ilikuwa sarafu moja, nyembamba. Sixte, shemeji yake Laurence na msemaji wa upande wa binti, aliipeleka dirishani.

"Na huyu mnyama aliyechorwa hapa?"

"Mwanakondoo wa Mungu, na bendera yake."

"Mamma, snälla," Raïssa, binti aliyekuwa akiposwa, alimnong'oneza mama yake kwa Kiswidi, akimsihi. Alimpenda Shalom, na aliijua sura ile ya mama yake.

"Kondoo," alisema Laurence. "Mwanangu anaposwa kwa kondoo."

"Mama Raïssa, usitazame mnyama, tazama historia! Mfalme Jean aliwatengeneza kwa dhahabu safi, wazito, Ulaya nzima ikawatamani. Baadaye vita vikakausha hazina, Charles wa Sita akawapunguza uzito, akachanganya dhahabu na..."

"Huyu ni wa mfalme yupi?" Sixte aliuliza kwa upole.

Alphonse alikohoa. "Wa Charles."

Sixte alicheka mpaka akafuta machozi. "Kumbe hata kondoo mwenyewe kakonda!"

Laurence hakucheka. Mtu aliyejua vizuri namna hiyo kwamba kitu ni hafifu, akakileta, na bado akangoja kushukuriwa!

"Shalom, ulijua?"

"Hapana, mama." Kijana hakuinua macho. "Mimi nilimkabidhi pesa za ng'ombe."

"Nimekuongezea heshima, mtoto!" Alphonse alifoka.

Laurence aliichukua sarafu kwa Sixte, akaifunga ndani ya kitambaa chake na kuitia mwenyewe katika mfuko wa koti la Alphonse, kwa ncha za vidole.

"Kaiuze," alisema. "Shalom atarudi na mama yake, na ng'ombe wake. Tutawapokea."

Raïssa akashusha pumzi. Laurence alikwenda jikoni, akamfungia Shalom ndizi na nyama ampelekee mama yake aliyeishi Jakobsberg.

Alphonse alisimama mlangoni akihangaika na kamba za viatu. "Na mimi, Mama Raïssa?"

"Wewe una kondoo."