Mama Mkwe na Majeshi ya Sinema

Kwa miaka kumi na tisa Bwana Stoo na mama mkwe wake hawakuwa wamezungumza jambo lolote refu kuliko salamu. Si kwamba walikuwa na ugomvi. Mkwe ni mkwe: anaamkiwa, anapewa kiti kizuri, anaulizwa hali ya mgongo, basi. Bwana Stoo alikuwa sajini mstaafu aliyetunza ghala la jeshi kwa miaka ishirini na miwili. Jina hilo alipewa kambini, likamfuata mpaka nyumbani, na mkewe naye akalizoea. Mama mkwe alikuwa mpiga chapa wa mahakama. Miaka thelathini alikaa mbele ya meza ya hakimu akiandika watu wanavyodanganya.

Mwaka huo Mama alipasuliwa jicho la kulia. La kushoto lilikuwa limekwisha zamani. Daktari alimfunga bandeji na kutoa masharti: siku kumi na mbili asiifungue, asiiname, asinyanyue kitu kizito, asilie. Binti yake, ambaye ni mwalimu wa hesabu, akamleta nyumbani kwake, akamkalisha kwenye kochi la sebuleni, kisha saa moja asubuhi akachukua mkoba wake akaenda kufundisha. Wakabaki wawili.

Siku ya kwanza walisikiliza redio. Siku ya pili Mama alisema redio inajirudia kama mlevi, wakaizima, wakasikiliza saa ya ukutani. Mwalimu aliporudi saa kumi aliwakuta walivyokuwa: mama kwenye kochi, mume kwenye kiti cha mlangoni, kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili.

Kesho yake akaja na flashi aliyoazima kwa fundi wa maabara ya shule. Ilikuwa na sinema nne, zote za aina moja, kwa sababu fundi wa maabara alipenda aina moja tu: viumbe wanashuka kutoka angani, majeshi yanapigana nao.

"Mwonyeshe Mama," alimwambia mumewe.

"Mama haoni."

"Basi msimulie. Mdomo unao."

Sinema zilikuwa kwa lugha ambayo Mama alielewa neno moja katika kumi, hivyo kazi ikawa ya Bwana Stoo. Aliifanya kama alivyofundishwa kutoa ripoti.

"Wamefika, Mama."

"Akina nani?"

"Adui."

"Wanafananaje?"

"Wana miguu mingi."

"Mingapi?"

Bwana Stoo akasimamisha sinema, akasogea karibu na runinga, akahesabu. "Sita. Mmoja ana mitano. Nadhani ameumia."

"Haya. Endelea."

Akaendelea. Lakini vita vilipozidi kupamba moto, ripoti ilianza kuchanganyika na malalamiko. Vifaru arobaini vilikuwa vimetembea jangwani siku tatu na hakuona gari hata moja la mafuta.

"Labda liko nyuma," Mama alisema.

"Lingeonekana, Mama. Gari la mafuta si sindano." Baadaye kidogo akasema, "Wamepoteza vifaru kumi na saba. Kumi na saba! Jenerali anavuta sigara. Hajauliza hata nani alivichukua."

Jeshi la sinema ya pili lilikuwa dogo, la kisiwa, lenye mizinga iliyoshika kutu. Bwana Stoo alilipenda mno kwa sababu mpishi alionekana mara mbili, na mara ya pili alikuwa akigawa mikate kwa mpangilio. Mama hakulipenda. Alisema viumbe wale walikuwa wamekaa ufukweni wiki nzima bila kumgusa mtu, kisha kamanda akaamua tu wapigwe.

"Nani aliwauliza wamefuata nini?"

"Mama, ni adui."

"Hiyo ni kauli ya upande mmoja. Upande wa pili haukusikilizwa. Jeshi la kwanza angalau lilishambuliwa kwanza. Lilikuwa la kijinga, lakini halikuwa na kosa."

"Jeshi lisilokula halina ushindi, Mama, liwe na kosa lisiwe nalo."

"Na jeshi lililoshiba lisilosikiliza ni genge la wahuni."

Mwalimu alifika akawakuta katikati ya shauri hilo, jiko limezima na hakuna aliyekumbuka chakula. Kiti cha mlangoni kilikuwa kimesogea mpaka kando ya kochi. Alifunga kanga kiunoni akaingia jikoni akitabasamu peke yake.

Siku ya sita wakafungua sinema ya tatu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mama alizaa watoto wawili: huyu mwalimu, na wa mwisho waliyemwita Kitinda. Kitinda alikuwa dereva wa malori katika kambi ileile aliyokuwamo shemeji yake, Bwana Stoo. Alifariki akiwa na miaka ishirini na sita, na ilikuwa imepita miaka kumi na mmoja. Barua ya jeshi ilikuwa na mistari minne. Ilisema ajali ya gari akiwa kazini. Bwana Stoo alikuja mazikoni amevaa sare, akashika jeneza upande wa mbele, na kuhusu siku yenyewe hakuongeza neno juu ya ile mistari minne. Hakuna aliyemwuliza. Mkwe ni mkwe.

Katika sinema ya tatu kulikuwa na askari kijana anayeendesha lori la kubeba majeruhi. Viumbe walikuwa wameuzunguka mji. Yule kijana alitoka na majeruhi mara ya kwanza, akatoka mara ya pili, kisha akageuza lori akarudi tena. Sauti ya Bwana Stoo ilianza kupungua.

"Anafanya nini sasa?" Mama aliuliza.

"Anaendesha."

"Halafu?"

Kwenye runinga lori lililipuka. Mlio ulitikisa vikombe mezani.

"Nini hicho?"

"Lori, Mama. Limelipuka. Lakini yeye ameruka. Yuko salama."

Ikafuata sauti ya mwanamke akilia. Alilia kwa muda mrefu, na muziki ukalia naye.

"Huyu nani?" Mama akauliza.

"Mama yake yule kijana."

"Kama kijana yuko salama, analia nini?"

Bwana Stoo alifikiri. "Analilia lori."

"Lori la nani?"

"La jeshi."

Mama akaelekeza uso wenye bandeji kwenye runinga. "Mwanamke mzima analia hivi, analilia lori la jeshi."

"Ndiyo, Mama."

"Zima."

Hakuzima. Kidole kilibonyeza kwingine, picha ikasimama palepale, kiumbe mmoja amejaa kioo chote, mdomo wazi.

"Mwanangu," Mama alisema, na hakuwahi kumwita hivyo, "shahidi anayesema kweli sauti yake haishuki mwishoni. Wewe tangu lile lori limetokea unashuka tu. Taarifa kama ile barua niliyoletewa nimepiga chapa nyingi mahakamani kwa mkono wangu. Najua zinavyofupishwa. Nimekungoja miaka kumi na mmoja. Sema."

Bwana Stoo akaweka mikono magotini. Akasema kwa mpangilio, kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kusema.

"Mto ulifurika. Tukaagizwa kuhamisha watu wa ng'ambo. Safari mbili, zote alienda Kitinda. Halafu ikaja amri: basi, daraja limechoka. Akaja dirishani kwangu. Akasema, shemeji, kuna watu saba wamebaki juu ya paa la shule, nipe mafuta. Nikamwambia alete karatasi yenye sahihi ya mkubwa. Akasema karatasi watatia sahihi wale saba wakifika. Nikampa lita ishirini."

"Bila sahihi?"

"Bila sahihi. Mara moja tu katika miaka ishirini na miwili."

"Endelea."

"Akawaleta mpaka darajani. Daraja likawa linatikisika. Akawashusha wote, akawaambia wavuke kwa miguu, mmoja mmoja. Mimi nilikuwa upande huu. Niliwahesabu. Saba. Yeye akaja wa nane, akafika katikati, akasimama. Akarudi kwenye lori."

"Kwa nini?"

Bwana Stoo aligeuza uso kutoka kwenye runinga.

"Kila kijana aliyechukua gari kwangu nilimwambia neno moja. Nilimwambia: ukirudi bila gari langu, bora usirudi. Ulikuwa mzaha, Mama. Walikuwa wanacheka. Yeye ndiye alikuwa akicheka kuliko wote. Nilimpigia kelele aliache. Nilimwita kwa jina lake la nyumbani, mbele ya askari. Sijui kama alisikia. Maji yalikuwa na kishindo. Alipofika katikati na lori, daraja likaenda."

Saa ya ukutani iligonga. Yule kiumbe aliendelea kuwatazama mdomo wazi.

"Ilikuwa saa ngapi?" Mama aliuliza.

"Kumi na moja na robo."

"Wale saba ni akina nani?"

"Wazee wawili. Mwalimu mmoja. Watoto wanne."

"Watoto wanne," Mama alisema. Mkono wake ulipanda kuelekea usoni, ukagusa bandeji, ukashuka. "Daktari amesema nisilie."

"Ndiyo, Mama."

"Basi nyamaza kwanza. Usiseme kitu chochote mpaka nikwambie."

Mama alivuta pumzi kwa pua na kuitoa kwa mdomo, taratibu, kama wanavyofanya wanawake wanapojifungua, kwa muda wa karibu nusu saa. Alipomaliza aliomba maji, akanywa glasi nzima.

"Mkeo akirudi, utamwambia."

"Mama, yeye..."

"Leo. Nitakuwa hapahapa. Na usipunguze neno, nitasikia."

Mwalimu aliambiwa akiwa amesimama, mkoba begani. Alisikiliza mpaka mwisho kama anayesikiliza mwanafunzi aliyekosea hesabu tangu mstari wa kwanza. Kisha akasema, "Miaka kumi na mmoja umelala ubavuni pangu," akaenda chumbani, akachukua mto wake, akahamia kwenye chumba alicholala mama yake.

Siku zilizofuata alimsemesha mumewe kwa mahitaji tu. Sabuni imekwisha. Bomba linavuja. Mama hakuingilia. Alichosema ni kwamba imebaki sinema moja na kazi ikianzwa humalizwa. Wakaitazama ile ya nne, na safari hii Bwana Stoo alimweleza kila aliyekufa na alivyokufa. Ilikuwa ya jeshi la wastaafu walioitwa kazini tena baada ya vijana wote kwisha, na mwishoni viumbe walishinda. Mama alisema katika majeshi yote manne, hilo ndilo alilolielewa. Bwana Stoo alikubali, ingawa halikuwa na hata ghala.

Siku ya kumi na mbili walikwenda watatu kliniki ya macho. Muuguzi alimshika Mama mkono akaingia naye kwa daktari, na mke na mume wakabaki kwenye benchi la koridoni, nafasi ya mtu mmoja imebaki katikati yao. Ukutani kulikuwa na bango la herufi, kubwa juu, ndogo chini. Bwana Stoo alilisoma lote, akarudia.

"Siku ile Kitinda alikuwa amekula?" mkewe akauliza, macho yakiwa kwenye bango.

"Alikula. Mchana."

"Nini?"

"Maharage. Alilalamika yameungua. Akamwambia mpishi hata mbwa wa kambi akipewa atafungua mashtaka."

Mwalimu akainamisha kichwa. Mabega yakatikisika, na kwa muda Bwana Stoo hakujua kama ni kicheko au ni kilio. Vilikuwa vyote viwili. Hakumgusa, kwa kuwa hakuwa na uhakika kama anaruhusiwa. Mwishowe mkewe alijifuta kwa kiganja.

"Utaniambia na mengine," alisema. "Hata ya kijinga. Yote aliyosema kambini."

"Ni mengi."

"Nina muda."

Mlango ukafunguliwa. Mama akatoka bila kushikwa mkono, jicho la kulia jekundu, linatoa machozi kwa sababu ya dawa. Alisimama akawatazama mmoja baada ya mwingine, kisha akamtazama mkwe wake kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Kumbe una mvi," alisema.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Twendeni, lakini polepole. Leo nataka kuona njia."

Wakatoka. Mama alitembea katikati, na kila walipofika penye ngazi alisimama, akazihesabu kwa sauti, ndipo akashuka.