Kinamasi Chahamia Sebuleni

Asubuhi hiyo Kipenga, mlinzi wa hifadhi ya ndege, alikuwa akitafuta kandambili yake ya kushoto. Akaikuta ikielea sebuleni. Maji yalimfika kwenye vifundo, yenye chumvi kwa mbali, na chini ya meza matete yalikwishaota.

"Mzee, wageni wako hao," mkewe alisema kutoka jikoni. "Mmoja kakalia unga wangu."

Alikuwa heroe, ndege wa waridi mwenye miguu mirefu. Wenzake walijipanga kwenye makochi, kila mmoja kwa mguu mmoja, hoi kwa safari ya kuvuka bahari. Kipenga akawafungulia dirisha waliobaki nje.

Hakuhitaji kuelezwa. Tangu hoteli ya jirani ichimbe mtaro wa kukausha kiwanja chake, kinamasi cha hifadhi kilikuwa kikinyweka. Kila mara Kipenga alimwendea mkuu wa hifadhi: "Bosi, tuuzibe ule mtaro." Kila mara alijibiwa: "Linashughulikiwa." Basi kinamasi nacho kilichoka kungoja, kikahamia kwa mtu pekee aliyekuwa akikisemea.

"Safari hii ataona kwa macho yake," Kipenga alisema, akaenda kumwita.

Mkuu alivua viatu mlangoni, akakunja suruali, akaizunguka sebule mikono ikiwa mgongoni. Akachungulia chumbani, ambako sululu, ndege wa midomo mirefu iliyopinda, walikuwa wakidonoa kaa chini ya kitanda.

"Maji yapo. Ndege wapo. Matete yapo. Sasa ulikuwa unalalamikia nini?"

"Bosi, hapa ni kwangu!"

"Hifadhi ni pale kinamasi kilipo. Sheria ndivyo inavyosema."

Mchana uleule kibao cha hifadhi kiling'olewa kule, kikapigiliwa misumari kwenye mlango wa Kipenga. Kule, hoteli ikasogeza ukuta wake mpaka ufukweni.

Mke wa Kipenga alipoinama kuwasha jiko, mkuu akamzuia.

"Shemeji, ndani ya hifadhi hakuna kuwasha moto."

"Shemeji wa nani? Umeombwa kuziba mtaro, umekuja kuzima jiko langu!"

Akabeba sufuria, akaenda kupika kwa dada yake.

Aliporudi jua lilikuwa limezama. Kipenga, ndani ya sare, alikuwa ameketi mlangoni pake. Akapuliza filimbi.

"We baba, ni mimi."

"Najua, mama. Lakini tumeshafunga."

Mkewe alikuwa bado na sufuria kichwani. Ndani heroe walikuwa wakikoroma.

"Na ule mtaro?"

"Linashughulikiwa," Kipenga akajibu, akasogeza kiti ampishe.