Kiboko wa Mwanamina

Mwaka ule wa sherehe za kutawazwa Malkia wa Uingereza ulikuwa na nyimbo nyingi, na mimi sikuzipenda zote. Ule wa watoto wa skuli waliopelekwa Utete kupeperusha bendera ulikuwa mrefu, na hakuna aliyejua maana yake, nadhani hata mwalimu wao. Ule ambao mume wangu Sadala aliusikia kwenye santuri ya duka moja la Kibiti ulikuwa mtamu, ila Sadala alishika mstari mmoja tu, akatuimbia huo huo miezi mitatu. Wa wakata mikoko ulinifaa zaidi. Huo niliutwangia mpunga.

Lakini wimbo wa mwaka hasa, ule ambao kila mtu hapa Kiongoroni aliujua, ulikuwa wa kunicheka mimi.

Asubuhi moja ya ukungu nilikuwa juu ya dungu nikilinda mpunga, nikaona mgongo mweusi mtoni. Nikapiga yowe la kiboko. Wanaume wakatoka mbio na mikuki, wengine hata uso hawajanawa. Kumbe ni mtumbwi wa Sadala umepinduka, na kamba yake bado imefungwa kwenye mkoko! Jioni ile ile Johari, jirani yangu na shoga yangu tangu tulipochezwa unyago, akatunga:

Kiboko wa Mwanamina
hali nyasi, hali pumba,
kafungwa kamba puani,
angoja kubeba watu.

Kijiji kizima kikacheka. Mimi nikawaka. Nikaenda kwa Jumbe Abdala, nikamlilia mpaka akaupiga wimbo marufuku. Johari akaitwa, akakubali mbele ya watu bila kubisha. Nilirudi nyumbani nikijiona nimeshinda.

Ila Johari hakuacha wimbo huo tu, aliacha kuimba kabisa. Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha ngoma yetu ya wanawake, sisi tunaitikia. Sasa akawa anakuja, anapiga makofi, mdomo kimya. Zamani nilizoea kumsikia akiimba uani kwake huku akitwanga. Siku hizo nikawa nasikia mchi peke yake. Mavuno yakapita hatujasemezana. Nilimkumbuka sana mtu anayekaa hatua kumi kutoka mlangoni kwangu, na nilijua kosa ni langu.

Siku ya mwaka, unapoanza mwaka wetu wa Kiswahili, tukashuka mtoni kuoga. Sisi tuna mazoea yetu: kabla ya kuingia majini, kila mmoja anataja wimbo alioupenda katika mwaka unaokwisha, nao unaimbwa mara moja. Bi Mwajabu, mkubwa wetu, akaanza kuuliza. Zena akataja wa santuri. Biasha akataja wa wakata mikoko. Ilipofika zamu ya Johari, akatikisa kichwa.

"Mie sina," akasema.

Wote wakatazama maji. Hakuna aliyenitazama mimi, na hilo liliniuma zaidi.

"Haya, Mwanamina," Bi Mwajabu akasema. "Wewe nawe uliupenda upi?"

Nilikusudia kutaja wa wakata mikoko, ningemaliza mambo. Lakini ukweli ni kwamba wimbo wa kiboko nilikuwa nikiuimba chinichini shambani, peke yangu, na kila nikifika kwenye kamba puani nacheka. Ulikuwa wimbo mzuri, na mimi ndiye niliyeuzima.

Nikaanza kuimba, "Kiboko wa Mwanamina..."

Sauti yangu ni ya kukwaruza, watu wote wanajua. Mstari wa pili nikakwama, pumzi imeniishia. Wenzangu hawakuthubutu kuitikia, maana marufuku ilikuwa yangu. Nikabaki nimeshika kanga, machozi yananilenga, sijui niendelee au nikimbie.

Johari akasogea mpaka bega lake likagusa langu.

"Umeanzia juu mno, shoga," akasema. "Hebu niachie mimi."

Nikamwachia, nikaitikia.